Karatasi Iko Wapi? Maswali na Majibu ya Sheria ya Minada, kwa Wasomaji wa Ilongero

Maswali haya ni ya wale wanaosoma jioni pale Ilongero baada ya kufunga duka au kurudi kutoka kwenye alizeti: wenye mtihani wa stashahada ya sheria, na wachache wanaowaza kwenda Lushoto kutafuta cheti cha udalali wa mahakama. Funika jibu kwa daftari, jibu kwa sauti, kisha fungua. Sheria nyingi tutakazozigusa zimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa Sheria Na. 1 ya 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nimetumia maneno yanayotamkwa koridoni mwa mahakama zetu: mdai, mdaiwa, kukaza hukumu, hati ya kukamata mali.

Ukikwama kwenye swali lolote, uliza mambo mawili: karatasi iko wapi, na siku zimetimia? Nguvu zote za dalali ni za kuazima. Ameziazima kwa mwenye mali, kwa benki au kwa mahakama, na huyo aliyemwazima lazima awe ameandika mahali.

Swali la 1. Eleza maana ya mnada kisheria. Je, mnada wa kila wiki kijijini ni mnada?

Hapa ndipo watu wa kwetu wanapoteza alama za bure. Sisi tukisema "kesho ni mnada" tuna maana ya gulio: mbuzi wanashushwa, mitumba inatandazwa chini, moshi wa nyama choma unapanda, na kuku wa kienyeji wa Singida wanafungwa miguu tayari kwa safari ya Dar es Salaam. Muuza mitumba anapiga kelele "buku, buku, buku". Ananadi kweli, lakini bei ameshaipanga mwenyewe na hakuna anayeshindana na mwenzake. Kwenye ng'ombe ni hivyohivyo: mnunuzi na muuzaji wanavutana pembeni, dalali akiwa katikati anashika mkono wa huyu na wa yule, mpaka wakubaliane.

Kisheria mnada ni mauzo ya hadharani ambayo watu hushindana kwa dau na mali huenda kwa aliyepanda juu zaidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataja dakika yenyewe: mauzo hukamilika pale mwendesha mnada anapogonga nyundo, au anapotangaza mwisho kwa njia nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo, aliyetaja dau anaweza kulirudisha mdomoni. Baada ya hapo kuna mkataba.

Mtahini akikupa kisa kinachotokea "mnadani", soma mara mbili uone kama watu walishindana kwa dau. Kama hawakushindana, una mauzo ya kawaida, na kifungu cha nyundo hakikuhusu.

Swali la 2. Taja aina za dalali na utofautishe.

Wa kwanza ni dalali wa mtaani. Huyu anakutafutia chumba, kiwanja au dume la ng'ombe, anachukua chake, basi. Ni wakala tu, na mahusiano yake na aliyemtuma yanaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Hana mamlaka ya kukamata hata kijiko.

Wa pili ni dalali wa mnada. Huyu anauza mali za watu hadharani kwa kushindanisha dau, na anaguswa na Sheria ya Madalali wa Minada, Sura ya 227. Wa tatu ni dalali wa mahakama, anayetekeleza amri za mahakama: kukamata mali, kuiuza, kumtoa mtu kwenye nyumba au shamba. Kampuni moja inaweza kuvaa kofia zote mbili za mwisho, ndiyo maana mabango yao huandikwa kazi mbili. Katika kujibu, uliza siku ile alikuwa amevaa kofia ipi.

Swali la 3. Je, mtu anaweza kuendesha mnada bila leseni kwa kuwa mali ni ya halali na mwenyewe ameridhia?

Hapana. Ridhaa ya mwenye mali inajibu swali la nani anauza. Leseni inajibu swali la nani anaruhusiwa kusimama mbele ya umma na nyundo. Kumbuka pia kwamba leseni ya udalali haimwondolei mtu wajibu wa mfanyabiashara mwingine yeyote: namba ya mlipakodi, risiti, na leseni ya biashara inapohitajika chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972.

Swali la 4. Dalali wa mahakama anapatikanaje?

Kwa kuteuliwa chini ya Kanuni za Madalali wa Mahakama na Wasambaza Nyaraka, Tangazo la Serikali Na. 363 la 2017. Kanuni hizi zinagusa uteuzi, malipo na nidhamu, na zinamtaka mwombaji awe na cheti cha umahiri kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Kuwa na ghala kubwa, gari na vijana wenye vifua hakutoshi. Malipo ya dalali yapo kwenye jedwali la kanuni. Hayapangwi mlangoni kwa mdaiwa. Na kwa kuwa ameteuliwa, anaweza kushtakiwa kinidhamu na kuondolewa.

Kanuni za 1997 zilishafutwa. Ukizitumia utakuwa unajibu mtihani wa kaka yako.

Swali la 5. "Sheria ya minada ya Tanzania bado inazungumzia ngoma." Jadili. (Alama 15)

Swali zuri, na ndilo nilipendalo kuliko yote. Kifungu cha 12 cha Sura ya 227 kinasema ardhi isiuzwe kwa mnada mpaka tangazo la umma la siku zisizopungua 14 liwe limetolewa katika mji mkuu wa wilaya ilipo ardhi hiyo na pia mahali penyewe pa mnada. Kisha kinaongeza kwamba tangazo lisiishie kwenye karatasi. Litolewe pia kwa mlio wa ngoma, au kwa njia nyingine iliyowekwa ambayo mtu asiyesoma ataielewa. Tena litaje jina la mwenye mali na mahali anapoishi.

Wanafunzi wa mjini hucheka wakisikia ngoma. Mwanafunzi wa Ilongero asicheke. Aliyeandika sheria alijua kwamba karatasi ya kizungu iliyobandikwa kwenye mti haimwambii kitu mwenye shamba asiyejua kusoma, na kwamba majirani wasiojua kuna mnada hawatakuja kupandisha bei. Ngoma inamlinda mdaiwa mara mbili: inampa nafasi ya kukimbia kutafuta hela, na inamwitia wanunuzi wengi ili mali yake isichukuliwe kwa bei ya kutupa.

Leo hakuna anayepiga ngoma. Tunasikia gari la matangazo, au bodaboda yenye kipaza sauti. Je, inatosha? Jenga hoja pande zote. Upande mmoja utasema lengo la kifungu ni kueleweka, na kipaza sauti kinaeleweka kuliko ngoma. Upande wa pili utasema sheria imetaja njia "iliyowekwa", kwa hiyo dalali asijichagulie tu. Pande zote mbili zitakubaliana kwamba karatasi peke yake haitoshi. Niliwahi kuona tangazo la mnada wa shamba limebandikwa ndani ya ofisi, nyuma ya mlango, mahali ambapo ukifungua mlango linafichika. Siku 14 zilihesabiwa pale pale ukutani.

Kisha kuna fumbo la mahali, nalo ni la kwetu hasa. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida yapo Ilongero. Lakini Wilaya ya Singida kama eneo la utawala ina Manispaa ndani yake, na mkuu wa wilaya yupo Singida mjini. "Mji mkuu wa wilaya" ni upi? Mtahini hatakuadhibu kwa kuchagua. Atakuadhibu kwa kutoliona fumbo. Dalali mwangalifu mwenye shamba la kuuza Mtinko au Mgori anabandika Singida mjini, anabandika Ilongero, anabandika shambani kwenyewe na kwenye ofisi ya kijiji, na anapitisha kipaza sauti. Gharama ya karatasi nne ni ndogo kuliko ya kesi ya kubatilisha mnada.

Swali la 6. Hesabu siku zifuatazo: (a) mnada wa ardhi chini ya Sura ya 227, (b) pikipiki iliyokamatwa kwa amri ya mahakama, (c) nyumba iliyokamatwa kwa amri ya mahakama, (d) notisi ya benki kwa mkopaji aliyeweka ardhi rehani.

(a) Siku 14 za tangazo, kama tulivyoona. (b) Siku 15, na (c) siku 30: hizi ni za Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 21, na zinahesabiwa tangu tangazo libandikwe kwenye jengo la mahakama iliyoamuru mauzo, isipokuwa mdaiwa mwenyewe akubali kwa maandishi kwamba iwe mapema. (d) Siku 60 chini ya kifungu cha 127 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, tangu mkopaji apokee notisi ya kushindwa kulipa. Neno la kupigia mstari ni "apokee".

Mtego wa kawaida ni kuchanganya (a) na (c). Nyumba ikikamatwa kwa kukaza hukumu, mahakama ina hesabu yake ya siku 30. Siku 14 za Sura ya 227 haziifupishi.

Mali inayooza haisubiri. Nyanya, maziwa, hata mifugo ambayo gharama ya kuitunza itazidi thamani yake, sheria inaruhusu iuzwe mara moja.

Swali la 7. Mali gani za mdaiwa hazikamatwi katika kukaza hukumu?

Fungua kifungu cha 48 cha Sura ya 33. Nguo za lazima za mdaiwa, mke na watoto wake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko haviguswi. Fundi anabaki na zana zake: cherehani ya fundi nguo, randa ya seremala. Mkulima anabaki na zana za kilimo, pamoja na ng'ombe na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji kujipatia riziki. Nyumba ambayo mdaiwa anaishi na familia yake nayo imelindwa.

Kwa Ilongero maana yake ni hii: jembe la kukokotwa halibebwi, wala maksai wawili wanaolivuta kabla mahakama haijaamua, wala gunia la mbegu lililowekwa juu ya dari likisubiri mvua. Lakini kinga hii ni ya kukamata kwa kukaza hukumu. Aliyeiweka nyumba yake rehani benki kwa hiari, kisha akashindwa kulipa, asikimbilie kifungu cha 48. Yeye aangalie Sheria ya Ardhi, na hasa kama mwenzi wake aliridhia rehani hiyo. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi vinataka ridhaa ya mwenzi kwa nyumba ya familia, na mnada mwingi umekwama hapo baada ya mke kusema, "Mimi sikusaini."

Swali la 8. A, mfugaji wa Msange, anadaiwa na B shilingi 2,600,000 kwa hukumu ya mahakama. Dalali wa mahakama anafika zizini na hati, anakuta ng'ombe saba. A anasema watatu si wake, ni wa shemeji yake, amepewa afuge. Wawili ni maksai wa kulimia. Mshauri dalali. (Alama 20)

Kisa hiki hakitoki kitabuni. Ukanda wote huu watu hutawanya mifugo: huyu anamfugia ndugu, yule anamfugia rafiki, naye anakunywa maziwa na kutumia samadi. Sababu ni za busara. Ugonjwa ukiingia zizi moja hauui utajiri wote, na mwenye ng'ombe wengi hataki idadi yao ijulikane. Matokeo yake, ng'ombe waliopo zizini kwa A hawaonyeshi utajiri wa A. Dalali anayehesabu mikia na kuandika "mali ya mdaiwa" ameshaingia kwenye matatizo.

Aanze na karatasi: hati ina jina la A, kiasi cha deni, na tarehe? Imeisha muda? Amwonyeshe A na ajitambulishe, ikiwezekana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Salamu haijafutwa na kanuni yoyote. Akimkuta mzee, "shikamoo" itamfikisha mbali kuliko pingu.

Ng'ombe watatu wa shemeji: dalali si hakimu. Hawezi kuamua pale zizini kwamba A anadanganya, wala kwamba anasema kweli. Aandike madai hayo kwenye orodha yake. Kama watakamatwa, shemeji ana haki ya kufungua pingamizi mahakamani, na mahakama itachunguza ni mali ya nani na inaweza kuahirisha mnada. Afanye hivyo mapema, kwa sababu pingamizi lililocheleweshwa makusudi halichunguzwi. Ushahidi wake ni nini? Chapa na hereni chini ya Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010, daftari la kijiji, na majirani walioshuhudia ng'ombe wakiletwa. Hapa ndipo wengi wa kwetu wanaposhindwa: mapatano ya kufugiana yalifanywa kwa mdomo, na aliyeshuhudia amehamia Igunga.

Kwa ushauri wa vitendo: kama ng'ombe wasio na mgogoro wanatosha kulipa deni, kwa nini aguse wenye mgogoro? Toa watatu wa shemeji, toa maksai wawili ambao kifungu cha 48 kinaweza kuwalinda, wanabaki wawili. Hapo dalali anarudi kwenye hesabu, na pengine anarudi mahakamani kuomba maelekezo. Kurudi kuomba maelekezo hakumvunjii dalali heshima.

Mnada ukifika, auze mmoja mmoja. Amri ya 21 inaruhusu kuuza sehemu ya mali inayotosha kulipa deni, na ng'ombe wa kwanza akifikisha kiasi kinachodaiwa pamoja na gharama, mnada unasimama hapo. A pia anaweza kuusimamisha kwa kulipa deni na gharama kabla nyundo haijagonga. Na kama ng'ombe watapelekwa mnada wa wilaya nyingine, kuna kibali cha kusafirisha mifugo chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Amri ya mahakama haizuii kwato kubeba ugonjwa.

Swali la 9. Kweli au si kweli: dalali mwenye hati ya mahakama anaweza kuingia nyumbani kwa mdaiwa saa 2 usiku kwa sababu mchana hukimbia.

Si kweli. Sheria ya Mwenendo wa Madai inakataza kuingia nyumba ya kuishi kukamata mali baada ya jua kuzama na kabla halijachomoza. Mdaiwa mkimbizi ni tatizo la kweli, lakini dawa yake si usiku. Usipoteze alama zako kwa kumwonea dalali huruma.

Swali la 10. Kwa kutumia tukio halisi, eleza wajibu wa mshindi wa mnada.

Tumia tukio ambalo hata mtahini atatabasamu akilisoma. Novemba 2017, jijini Dar es Salaam, nyumba za kifahari za mfanyabiashara aliyedaiwa kodi zilinadiwa. Akasimama mzee mmoja mtulivu, Dk. Louis Shika, akawa anapandisha dau kwa mamia ya mamilioni kama anayenunua vitunguu. Maneno yake "mia tisa itapendeza" yalienea nchi nzima, yakachapwa kwenye fulana, na mpaka leo mtu akitaka kupandisha bei kwa utani anayasema. Alishinda. Kisha likaja suala la asilimia 25 ya kulipa papo hapo, naye hakuwa nayo. Polisi wakamchukua.

Kanuni iko hivi: katika mauzo ya mahakama ya mali isiyohamishika, aliyetangazwa mshindi hulipa asilimia 25 pale pale, na baki ndani ya siku 15. Asipolipa amana, mali inanadiwa tena hapo hapo. Akilipa amana kisha akashindwa kumaliza, mahakama inaweza kuitaifisha amana baada ya kutoa gharama, mali inauzwa upya, na bei ya pili ikiwa chini, yeye anaweza kudaiwa pengo. Kwa mali inayohamishika, kama pikipiki au mashine ya kukamua alizeti, bei yote hulipwa wakati wa mauzo, au mara tu msimamizi anapoelekeza.

Somo kwa dalali mwenyewe halitajwi sana. Masharti ya malipo lazima yasomwe kabla dau la kwanza halijatajwa. Umati uliokuja kumcheka mzee ulikuwa umesahau kuuliza kama wote mle ndani walikuwa na asilimia 25.

Swali la 11. Nani haruhusiwi kununua?

Ofisa au mtu yeyote mwenye wajibu katika mauzo ya mahakama: hanunui kwa jina lake, wala kwa jina la mtu mwingine. "Shemeji yangu ndiye aliyenunua" haisaidii kama fedha ni zako. Mdai naye hanunui bila ruhusa ya mahakama. Kwenye minada ya kawaida ya bidhaa, muuzaji kuweka watu wake wapandishe dau bila kutangaza haki hiyo ni kinyume cha sheria. Kwa lugha ya mtaani, ni kupiga changa la macho.

Swali la 12. Benki imeuza kwa mnada kiwanja kilichowekwa rehani kwa shilingi 14,500,000. Viwanja vinavyofanana navyo huuzwa kwa wastani wa shilingi 20,000,000. Je, mkopaji ana hoja?

Ana hoja. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mwenye rehani apate bei nzuri kadiri inavyowezekana wakati wa mauzo. Bei ikiwa chini ya wastani wa soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhani kwamba amevunja wajibu wake, na yeye ndiye atakayejitetea. Asilimia 25 ya 20,000,000 ni 5,000,000, kwa hiyo mstari ni 15,000,000. Bei ya 14,500,000 imevuka.

Andika neno "inadhani" kwa uangalifu. Dhana hii inaweza kuvunjwa: benki ikionyesha tangazo lilitoka vizuri, watu walikuja, na hakuna aliyepanda zaidi, inaweza kunusurika. Ndipo unaporudi kwenye ngoma ya swali la 5. Dalali aliyetangaza nyuma ya mlango ameinyima benki utetezi wake. Kwa ardhi ya kijiji yenye hati ya hakimiliki ya kimila, ongeza kwamba uhamisho unapita kwa halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Mshindi kutoka Singida mjini asidhani nyundo imemaliza kila kitu.

Swali la 13. Mama lishe amekopa kwa mkopeshaji wa "kausha damu". Amechelewa wiki mbili. Vijana wanne wamekuja na bajaji kuchukua jiko la gesi, viti na friji, wakasema vitanadiwa Jumamosi. Uliza maswali matatu ya kisheria.

Mkopeshaji ana leseni? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imeweka madaraja manne, na wakopeshaji wasiopokea amana wapo daraja la pili chini ya Benki Kuu. Mkataba unasema nini kuhusu dhamana, na je, vitu hivyo vimetajwa kwa jina au umeandikwa tu "mali zote za ndani"? Na anayenadi Jumamosi ni nani?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika. Leseni ya kukopesha haimpi mtu mamlaka ya kunadi, na sahihi ya mama lishe haiwageuzi vijana wa bajaji kuwa madalali. Kama hakuna makubaliano halali ya dhamana, njia ni mahakamani, hata kwa deni la shilingi 300,000. Mahakama ya mwanzo ipo kwa ajili hiyo. Na huko kinga ya vyombo vya kupikia na zana za kazi itakuwa inamsubiri.

Swali la 14. Linganisha kwa ufupi na Kenya.

Kenya ina Sheria ya Madalali wa Minada Na. 5 ya 1996, iliyounda bodi ya kutoa leseni na kusimamia nidhamu. Kwa mali inayohamishika, mwenye mali hupewa notisi ya siku 7 baada ya mali kuorodheshwa. Kwa ardhi, siku 45 za kukomboa. Sisi tumegawa kazi hiyo kati ya Sura ya 227, kanuni za mahakama na sheria za ardhi, kwa hiyo mtahiniwa wa Tanzania analazimika kubeba vitabu vingi zaidi. Sioni kwamba tumepata faida kwa mgawanyo huo.

Swali la 15. Ng'ombe na trela la A vimeuzwa kwa jumla ya shilingi 5,000,000. Deni pamoja na riba ni 3,200,000. Gharama halali za dalali na mahakama ni 400,000. A anapofika ofisini, dalali anamwambia, "Mzee wangu, hesabu zimekwisha." Mjibu dalali.

Hazijaisha. Toa 400,000 za gharama, inabaki 4,600,000. Toa 3,200,000 za B, inabaki 1,400,000. Hiyo ni ya A, na haikuwahi kuwa ya mtu mwingine. Dalali alizishika fedha hizo kama mwaminifu, na anatakiwa kuonyesha orodha ya mali, bei ya kila kitu, jina la kila mnunuzi, na mchanganuo wa gharama unaolingana na jedwali la kanuni. Tena swali la pili litamwangukia: kama deni na gharama jumla ni 3,600,000, kwa nini aliendelea kuuza baada ya kiasi hicho kufikiwa? Kama trela ndilo lililouzwa mwisho, A aombe tarehe na mfuatano wa mauzo, achukue nakala, na aende nazo kwa hakimu aliyetoa amri.